Siasa za Amerika Mlangoni pa Jikoni

"Mutoto anasema, maman eko na raison," Tonton Kazadi alitangaza kuelekea jikoni.

Mimi sikuwa nimesema kwamba maman yuko sahihi. Nilikuwa nimesema, kwa sauti ambayo hata jirani wa ghorofa ya chini angeisikia, kwamba sikubaliani na maman hata kidogo, na kwamba watu wanaojibandika jina la chama kule Amerika huacha kufikiri siku ile ile wanapojibandika. Tonton alinisikiliza hadi mwisho akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akageuza shingo na kuyapeleka maneno yangu jikoni yakiwa mengine kabisa. Watu wengine wakitumwa hutia chumvi. Yeye alitia sukari.

Kilichochekesha ni kwamba maman alikuwa amenisikia. Jikoni kulikuwa pale pale, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kiasi cha kupitisha sauti na harufu ya sombe, yaani kisamvu, lakini si uso wa mtu. Nilisikia kisu chake kikikata vitunguu kwenye ubao. Kisu kikasimama. Aliyapima niliyosema mimi, akayapima aliyosema tonton, kisha akachagua kumjibu tonton, kwa sababu hayo ndiyo yaliyomfikia kwa njia halali.

"Bon," akasema. "Kama niko na raison, alisemea nini ile maneno kwa radio?"

Upande wa kwetu, Waluba wa Katanga, mwanaume hatazamani na mama mzazi wa mke wake. Haketi naye, hali mbele yake, hamsemeshi. Wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake, na mwenye neno la kusema hulipitisha kwa mtu wa tatu. Wageni wakisikia hivi hudhani ni ugomvi. Ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo, na huanza hata kabla mahari hayajatajwa, tangu nyumba mbili zinapojua kwamba kuna jambo kati yao. Mimi nilitoka Lubumbashi nikiwa bado sijaota ndevu, nikakulia Koekelberg, mjini Brussels, kwa mjomba wangu, Tonton Kazadi, nikasoma vitabu vya siasa kwa Kifaransa na Kiingereza mpaka nikajiona nimekuwa mtu wa dunia nzima. Lakini asubuhi ile niliposikia viatu vya Maman Marie-Jeanne koridoni, niligeukia ukuta mwenyewe, bila kuambiwa, nikakaa nikitazama rangi mpaka alipopita.

Alikuwa mama wa Anaïs, na Anaïs ndiye niliyetaka kumwoa. Baada ya kufiwa na mume, Maman Marie-Jeanne alishinda ile bahati nasibu ya viza akaenda zake Amerika, jimbo la Iowa, akafanya kazi ya kutunza wazee majumbani, na hatimaye akawa raia mwenye kupiga kura. Anaïs alibaki Brussels kwa mama yake mdogo, Maman Viviane, amalizie masomo ya dawa. Sasa maman alikuwa amekuja likizo, na likizo yenyewe ilikuwa na kazi moja: kuniona bila kuniona, kisha kusema ndiyo au hapana. Wajomba na baba wadogo wa Anaïs kule Likasi walikuwa wameshaosha mikono. Lile atakalosema Marie-Jeanne, walisema, ndilo letu.

Kwa hiyo tulikwenda Laeken, kwenye nyumba ya Maman Viviane, Jumamosi ya mwezi wa kumi, mimi na tonton, tumevaa kama watu wanaokwenda kupigwa picha. Tonton alikuwa mstaafu, mtu wa kwaya na wa amani, na alichaguliwa kuwa mjumbe kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akigombana na mtu, hata na mkewe. Njiani alijikumbusha methali zake zote za mahari. Alikuwa na ya mbuzi, alikuwa na ya daraja, alikuwa na moja ndefu ya nyuki ambayo mimi sikuwahi kuielewa. Hakupata nafasi ya kutumia hata moja. Tulipoketi tu, Maman Viviane alitoka jikoni akifuta mikono, akatuambia kwa aibu kidogo kwamba dada yake anataka kwanza, kabla ya mambo ya dot, yaani mahari, wazungumze habari ya redio.

Habari ya redio ilikuwa hii. Kampeni za Amerika zilikuwa zimepamba moto, na chuoni kwetu redio ya wanafunzi ilitupa kila mmoja wa darasa la siasa dakika chache aseme maoni yake mwenyewe, si ya vitabu. Nilikuwa na maoni mengi. Nilisema kwamba hizi lebo mbili za Amerika, Demokrati na Republikani, zimekuwa kama Mazembe na Lupopo kwetu Lubumbashi: mtu anazaliwa katika nyumba ya timu, anaishi humo, na siku ya mechi haulizi nani amecheza vizuri. Nilisema mtu wa kule, ukimuuliza kama mvua itanyesha, anataka kujua kwanza wewe ni wa chama gani ndipo atazame juu. Niliwacheka kwa neno lao "liberal", ambalo kwao ni la mtu wa kushoto na hapa Brussels ni la watu wa biashara na kodi ndogo, nikauliza jina gani hilo linalobadilika likivuka maji. Niliisifu hata Ubelgiji, ambako vyama ni vingi, kila kimoja kina pacha wake wa lugha ya pili, serikali inachukua miezi na miezi kuundwa, na watu wanaendelea kula viazi vyao vya frite kwa utulivu. Mwishoni, kwa sababu mwenzangu wa redio alikuwa akinichekea na kichwa kilikuwa kimenivimba, nikaongeza kwamba mhamiaji anayechukua lebo ya chama kule anafanya kama mgeni anayenunua skafu ya timu ya mji: anataka tu asiulizwe ametoka wapi.

Anaïs alikisikiliza kipindi akanionea fahari. Akakituma kwa mama yake. Upendo una ajali zake, na hii ilikuwa mojawapo. Maman Marie-Jeanne alikisikiliza Iowa, kwenye gari lake, wakati wa mapumziko ya kazi, akakirudia, akavuka bahari akiwa nacho kichwani neno kwa neno.

Basi hapo ndipo tulipokuwa. Tonton Kazadi ameketi kwenye kiti katikati ya mlango, nusu sebuleni nusu jikoni. Mimi kwenye sofa, nimegeuza magoti upande. Anaïs koridoni, mahali ambapo angeweza kutusikia sote bila kuonekana na yeyote. Na tonton, ambaye siasa zake zote ni kupiga kura anakopiga kasisi, akitakiwa kubeba Amerika nzima mgongoni kutoka chumba hadi chumba.

"Kazadi, umuulize," maman alisema kutoka jikoni. "Anasema muntu mwenye étiquette ni supporter. Sawa. Yeye mwenyewe eko supporter wa nani?"

Tonton akaniuliza mimi, mwenye kucheka étiquette, yaani lebo, ni shabiki wa nani. Nikamwambia sina timu. Mimi natazama jambo moja moja, afya kando, vita kando, shule kando, nalipima kwa uzito wake, na kesho naweza kupima upya. Nilisema vizuri, nilijisikia nikisema vizuri.

"Anasema angali anatafuta, maman," tonton akapeleka. "Anangojea bakubwa bamuonyeshe njia."

Kisu kilikata kitunguu kizima kabla jibu halijaja.

"Muntu mwenye haiko na équipe," akasema polepole, "ni muntu mwenye hapendi kufungwa bao."

Na hapo akaanza kusimulia, na sijasahau. Alisema yeye alizaliwa na chama. Wakati wa chama kimoja hakuna aliyeulizwa kitu: mama yake alikuwa na mimba, na mtoto aliye tumboni tayari ni mwanachama. Shuleni Likasi waliimba na kucheza kwa ajili ya chama kila asubuhi kabla ya kuingia darasani, mvua au jua, na aliyekosa hatua alibaki nje. Alikuwa mchezaji mzuri, alisema, hakuwahi kukosa hatua hata moja, na alivichukia viuno vyake mwenyewe. Kisha miaka mingi baadaye, katika ofisi moja ya Iowa yenye joto kali na zulia la kahawia, mwanamke mwenye miwani alimsukumia karatasi akamuuliza anataka kujiandikisha na chama gani, au asiandikishwe na chochote. Akangoja jibu. Maman alifikiri ni mtego. Alimwomba yule mwanamke arudie swali, si kwa kuwa hakulisikia, ila kwa kuwa alitaka kuulizwa tena.

"Donc Kazadi, umuambie. Ile si skafu. Ni mara ya kwanza muntu aliniulizaka."

Kwenye vitabu vyangu hapakuwa na ukurasa wa viuno vya msichana wa Likasi. Lakini nilikuwa kijana, na kijana aliyeguswa moyo hukimbilia hoja. Nikasema naheshimu sana alichopitia maman, ila kuulizwa ni jambo moja na kubandikwa ni jingine. Kwamba siku ya kwanza unachagua lebo, siku ya pili lebo inakuchagulia marafiki, gazeti, na mtu wa kumchukia. Nikasema hilo ndilo linaloivunja Amerika leo na silifichi.

"Anasema maneno ya maman imemuingia sana," tonton akasema. "Anaomba pardon juu ya radio."

Sikuwa nimeomba msamaha. Nilimtazama, akanipa jicho la mtu anayekuokoa. Jasho lilikuwa likimtoka, maana moto wa jikoni ulikuwa mgongoni kwake, na alikuwa amelivua koti lake la suti na kulitundika kwenye mgongo wa kiti. Ilikuwa dhahiri kwamba ameridhika na kazi yake. Kwa hesabu yake mambo yalikuwa yanakwenda sawasawa: maman anasema, mtoto anakubali, baada ya muda kidogo tutaingia kwenye mahari, na nyuki wake watapata nafasi.

Kisha maman akauliza, kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu anayebonyeza embe kuona kama limeiva: na sasa, baada ya kusikia yote hayo, kijana huyu akienda kuishi Amerika siku moja, atafanya nini?

Nilifungua kinywa. Tonton hakunisubiri.

"Maman, hapo hata sina haja ya kumuuliza," akasema kwa furaha. "Anaacha ile mawazo yote. Chama maman anachagua, yeye pia ni kile."

Mpaka leo sijui nilisimama saa ngapi. Najua tu kwamba nilikuwa nimesimama, na kwamba sauti iliyotoka ilikuwa yangu, na haikwenda kwa tonton. Ilimpita juu ya kichwa, ikaingia jikoni moja kwa moja.

"Hapana, maman. Sijasema vile. Siwezi kusema vile."

Wazee husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kingepona. Jikoni hapakusikika kisu wala kijiko. Maman Viviane, aliyekuwa amebeba sinia la glasi, alilishusha juu ya televisheni, mahali ambapo halikai. Kwenye mlango wa koridoni, alikokuwa amesogea, nilimwona Anaïs kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mkono mdomoni, macho makubwa, na sikuweza kujua kama amekasirika au anaogopa. Nilitamani anitazame vizuri ili nijue. Hakunitazama, alikuwa anatazama mlango wa jikoni.

Tonton Kazadi aliinuka taratibu. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali angenifokea. Alisema tu kwamba mjumbe hauawi, lakini mjumbe anachoka, na kwamba hajawahi tangu azaliwe kuona mwanaume akimrushia mama mkwe maneno usoni mwa watu kama mpira. Akaenda zake kwenye balkoni, Maman Viviane akamfuata kumbembeleza, na mlango wa vioo ukafungwa nyuma yao.

Nikabaki sebuleni na kiti kitupu. Nje, tramu ilipita ikielekea Bockstael, imejaa watu wenye mifuko ya soko, na niliwaonea wivu wote kwa kuwa hawakuwa mimi. Nilimpenda Anaïs kuliko nilivyowahi kupenda hoja yoyote, na nilikuwa nimempoteza kwa ajili ya vyama viwili vya nchi ambayo sijawahi hata kuikanyaga. Hilo nililiona wazi kabisa. Na bado, nikijipekua moyoni, sikupata mahali pa kuliondoa lile neno. Nisingeweza kumwoa binti wa maman kwa maneno ya tonton. Siku moja maman angeamka akute mtu mwingine kabisa kitandani mwa mwanawe.

Sikuwa na njia ya kumwambia hilo. Desturi haina mlango wa pili: mjumbe akiondoka, kinywa kimeondoka. Nilianza kutafuta viatu vyangu.

"Weye, koti ya Kazadi."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Koti ya Kazadi," sauti ikarudia kutoka jikoni, ya kawaida kabisa, ya mtu anayemwita mtoto alete chumvi. "Mwenye koti ameenda kupunga upepo. Sawa. Koti iko. Umuambie ule kijana: ile hapana yake njo vile ninapenda. Sasa aseme yake yote, ya mwanzo, bila sukari ya Kazadi."

Nilitazama koti. Lilikuwa koti la kijivu, la mistari, mabega yamejaa kwa sababu ya ukubwa wa kiti, mkono mmoja umeingia mfukoni kwa bahati. Kwa kweli lilikuwa na adabu kuliko mwenyewe. Kicheko kilinipanda tumboni, nikakizuia, kikapanda tena. Nyanya yangu wa Kamina, nilikumbuka, aliwahi kumsalimia mkwe wake kwa kumsemesha chungu cha maji, na sisi watoto tulidhani amechanganyikiwa. Nikaketi tena kwenye sofa, nikageuza magoti upande, nikakohoa.

"Koti," nikasema. "Tafadhali. Umuambie maman…"

Na koti likafanya kazi. Lilibeba yote. Kwa mara ya kwanza siku ile maneno yangu yaliingia jikoni kama yalivyotoka, na yake yakaja kwangu yakiwa na pilipili yake yote. Alisema mimi nadhani wenye lebo wote wamelala fofofo, kumbe yeye amekwisha kuhama chama mara moja, kwa sababu ya diwani mmoja mwanamke aliyepigania basi la alfajiri la wafanyakazi, na akitaka atahama tena, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Sasa huyo ni supporter wa namna gani? Je, kuna mtu wa Lupopo aliyewahi kuhamia Mazembe akabaki na marafiki? Nikaliambia koti kwamba hapo maman amenifunga bao safi. Jikoni akacheka, kicheko kifupi cha puani, na kisu kikarudi kazini kwa mwendo wa kuchezeka.

Akaniambia habari ya jirani yake, mzee wa Kizungu mwenye bendera ya chama kile kingine mbele ya nyumba, kubwa kama shuka la kitanda. Theluji ikianguka, mzee huyo ndiye anayemfukulia njia ya gari kabla hajaamka, kila mwaka, bila kuombwa. "Koti, umuulize: ule mzee, étiquette imemukula wapi?"

Nikafikiri. Kisha nikaliuliza koti, kwa upole wote niliokuwa nao, kama mzee yule anajua maman ni wa chama gani.

Kisu kikasimama. Nilisikia maji yakichemka.

"Hapana," akasema mwishoni. "Sijamuambiaka."

"Koti, umuulize maman sababu."

Nilijuta kuuliza. Alipojibu hakuwa tena na sauti ya mabishano. Alisema anaogopa theluji. Anaogopa asubuhi moja aamke, achungulie dirishani, aone njia haijafukuliwa. Halafu akasema, na hili sikulitegemea, kwamba hilo swali langu ni swali zuri, na kwamba redioni ningeuliza hilo badala ya kucheka skafu za watu. Nikaliambia koti kwamba ni kweli, na kwamba mimi nisiye na lebo nina woga wangu pia: siku ya shida, nani atajua nimesimama wapi ili aje kusimama nami? Alisema ehe, hapo sasa tunazungumza.

Tulizungumza mpaka sombe likaiva. Hatukukubaliana juu ya mambo mengi. Yeye alisema nchi yenye vyama viwili ni kama ndoa, unajua wa kugombana naye. Mimi nikasema ni ndoa ambayo majirani wamekwisha kuita polisi. Yeye alisema Ubelgiji nayo ni jumba la ndugu wasiosemezana wanaopitisha maneno kwa mkalimani. Nikalitazama koti, mkalimani wetu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata darasani, furaha ya kupingwa na mtu anayekusikiliza. Hadi leo sijui amejiandikisha upande gani. Nimejaribu kukisia kutokana na maneno yake, na kila nikidhani nimempata, anageuka.

Katikati ya hayo tonton alirudi kutoka balkoni, midomo imekauka kwa baridi, akanikuta nikimsemesha koti lake kuhusu bima ya afya. Alisimama. Alinitazama mimi, akatazama mlango, akanyoosha mkono alichukue.

"Kazadi, acha koti," sauti ilisema. "Iko na kazi."

Tonton akauacha mkono hewani, kisha akaurudisha. Maman Viviane akamletea shuka la sofa ajifunike. Aliketi kando yangu amejifunga mpaka kidevuni, mtu mzima na tai yake, akisikiliza Amerika ikipita mbele yake bila msaada wake, na baada ya muda nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la shuka.

Ndipo jikoni sufuria ilipofunikwa, bomba likafunguliwa, likafungwa. Nilijua anaosha mikono, na nilijua mwanamke wa kwetu anapoosha mikono baada ya maneno marefu anataka kusema la mwisho. Furaha ilikuwa imenisahaulisha kwamba kuna jambo moja tu nililolijia katika nyumba ile, na kwamba jambo hilo lilikuwa halijaguswa na mtu yeyote tangu asubuhi.

"Koti," akasema. "Umuambie, mimi sijamushinda. Na yeye hajanishinda. Ile maneno ya Amerika haiwezi kuisha kwa mulango ya jikoni ya Viviane. Akuye Iowa, tutamalizia kule. Akuye, yeye na bibi yake."

Nilisikia Iowa kwanza. Nilianza hata kufikiria viza, na mitihani ya mwezi wa kwanza, na jinsi ya kumweleza kwa heshima kwamba safari hiyo haiwezekani mwaka huu. Tonton alikuwa ameacha kucheka. Aliniwekea mkono kwenye goti, mkono mzito, akalibana. "Yeye na bibi yake," akarudia polepole, yaani mimi na mke wangu.

Koridoni Anaïs alikuwa ameteleza ukutani polepole mpaka akaketi sakafuni, uso ndani ya viganja, na sikuweza kujua analia au anacheka. Nikaenda nikaketi pale chini karibu naye.